UZI: Umekataliwa MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa) kwa kigezo cha sifa? Soma hapa kabla hujafika masjala ya Mahakama Kuu, Tabora au Kigoma

Mwembe_wa_Ujiji (mleta mada)

Wakuu, majibu ya udahili yakitoka tu, magrupu ya madaktari wa huku mwisho wa reli yanajaa neno moja: "tuwashtaki". Uzi huu ni wa namna ya kushtaki, na zaidi ni wa kitu gani hasa cha kushtakia, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Mahakama haitakuambia kama B ya upasuaji ni kipimo kizuri cha kumpata bingwa wa upasuaji. Hiyo ni kazi ya Seneti ya chuo (chombo chake kikuu cha taaluma) na majaji hawaigusi. Wanachouliza ni kingine: aliyeweka sharti alikuwa na mamlaka ya kuliweka? Lilijulikana kabla dirisha la maombi halijafunguliwa? Limetumika kwa wote sawasawa? Ukija na hoja ya "sharti ni kali mno", umeshindwa ukiwa bado mlangoni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi. Kusanya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura 346 (ya 2005), miongozo ya viwango ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ya 2019, Hati Idhini (charter) ya chuo husika, kitabu cha mwongozo wa masomo ya uzamili cha mwaka ulioomba, halafu tangazo la udahili. Kwa upande wa usajili ongeza Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya 2017, Sura 152, ambayo ndiyo inaliongoza Baraza la Madaktari Tanganyika. Zipange kwa uzito: sheria, kanuni, mwongozo wa TCU, uamuzi wa Seneti, tangazo. Kisha lifuatilie sharti lililokuangusha neno kwa neno kutoka chini kwenda juu, uone limezaliwa wapi.

Mfano wa kubuni, kuhusu utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada ya kwanza ya udaktari). Kitabu cha mwongozo kinasema mwombaji "awe amemaliza utarajali kabla ya kuanza masomo". Tangazo kwenye tovuti linasema "awe amemaliza utarajali kabla ya kutuma maombi". Kati ya Julai na Novemba kuna watarajali wengi wanaomaliza miezi yao 12. Tangazo limewatoa, kitabu kinawakubali. Hapo una hoja, maana ofisi ya udahili haiwezi kubadili kwa tangazo kile Seneti ilichopitisha. Lakini kama Seneti yenyewe ilikaa na kubadilisha, na kikao kina muhtasari, hoja imekufa.

Na jambo moja msilisahau: chuo kinaruhusiwa kuweka kiwango cha juu kuliko cha TCU. Hakiruhusiwi kushuka chini yake. Kwa hiyo "TCU wanataka kidogo kuliko chuo" siyo hoja hata kidogo.

---

Karani_Mstaafu_TBR

Mleta mada umeanza vizuri. Niweke utaratibu, maana kila mwaka watu wanafungua kesi ya madai ya kawaida wakati njia yao ni mapitio ya mahakama (judicial review, yaani jaji kukagua kama uamuzi wa mamlaka ulifuata sheria).

Sheria ni Sura 310 (Law Reform (Fatal Accidents and Miscellaneous Provisions) Act), na kanuni zake ni za 2014, Tangazo la Serikali Na. 324. Ni ngazi mbili. Kwanza unaomba ruhusa. Ukiipata, ndipo unaleta maombi yenyewe.

Ombi la ruhusa lina vitu vitatu: chemba samansi (hati ya kuwaita wahusika mbele ya jaji), hati ya kiapo inayoeleza ukweli wa mambo, na maelezo yanayotaja wewe ni nani, unataka amri gani na kwa sababu zipi. Muda ni miezi 6 tangu tarehe ya uamuzi au kitendo unacholalamikia. Ukikataliwa tarehe 20 Agosti, usiniambie mwezi wa nne mwakani kwamba ulikuwa unaandika barua za kukumbushia. Barua za kukumbushia hazisimamishi saa.

Kwenye hatua hii jaji haamui nani yuko sahihi. Mahakama ya Rufani ilishaweka vipimo katika kesi ya Emma Bayo (Rufaa ya Madai Na. 79 ya 2012): kuna hoja ya kubishaniwa? Umekuja ndani ya miezi 6? Una maslahi ya kutosha? Watu wanajaza kurasa 40 za mabishano kwenye ombi la ruhusa, kazi bure.

Ruhusa ikitolewa, una siku 14 kuleta maombi kamili. Siku 14, siyo "baada ya wakili kurudi safari". Nafuu utakazoomba ni zile zile ulizopewa ruhusa kuziombea, usichomeke mpya. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe pale mjibu maombi (anayelalamikiwa) anapokuwa serikali au taasisi yake. Ukimsahau, pingamizi la awali linakusubiri asubuhi ya kwanza.

Notisi ya siku 90 kwa serikali inahusu kesi za madai. Kwa mapitio siyo sharti. Hata hivyo mawakili wa serikali wakati mwingine huileta kama pingamizi, kwa hiyo jibu lake liwe tayari mfukoni.

---

Dkt_Kaliua

Shukrani mkuu Karani. Swali: mwombaji yuko halmashauri, amepata nafasi chuoni ila chuo kinataka barua ya ruhusa ya mwajiri, na mkurugenzi amegoma kuitoa. Anamshtaki nani, chuo au halmashauri?

---

Karani_Mstaafu_TBR

Dokta, chuo hapo hakijamkatalia. Kimeweka sharti linalojulikana na yeye hajalitimiza. Aliyefanya uamuzi ni mwajiri. Ukimshtaki chuo peke yake, utaambiwa umebisha hodi nyumba siyo.

Na kwa mtumishi wa umma kuna kisiki kingine. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, inamtaka mtumishi amalize kwanza njia zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kwenda kwenye njia za sheria za kazi. Maana yake: malalamiko ya maandishi kwa mwajiri, jibu la maandishi, kisha mamlaka ya juu na Tume ya Utumishi wa Umma. Kabla ya yote aangalie kama amethibitishwa kazini na kama jina lake limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Kama jina halimo, mkurugenzi ana jibu zuri kuliko mnavyodhani.

---

Mwembe_wa_Ujiji

Niongezee hapo. Watu wanachanganya vitu vitatu: udahili (chuo), ruhusa ya masomo (mwajiri) na ufadhili (Wizara ya Afya, kwa mfano ule wa Samia wa ubingwa na ubingwa bobezi). Kila kimoja kina mwamuzi wake, masharti yake na tarehe yake. Barua moja ya malalamiko iliyotumwa kwa wote watatu hujibiwa na yeyote kati yao kwa kusema "hilo siyo letu".

---

Wakili_Mwanga

Nimesoma uzi wote. Niseme kuhusu sababu zinazokubalika, maana ndiyo moyo wa maombi. Mahakama ya Rufani ilizitaja katika Sanai Murumbe na mwenzake dhidi ya Muhere Chacha [1990] TLR 54 (TLR ni ripoti za hukumu za Tanzania): mwamuzi amezingatia yasiyopaswa kuzingatiwa, ameacha yaliyopaswa kuzingatiwa, hana mamlaka au ameyavuka, uamuzi hauingii akilini kwa mamlaka yoyote yenye busara, haki ya asili imevunjwa, au utaratibu na uamuzi ni kinyume cha sheria. Andika maelezo yako chini ya vichwa hivyo hivyo. Malalamiko yasiyoingia chini ya kichwa hata kimoja, yaondoe.

Kwa masharti ya udahili, hiki kichwa cha "hauingii akilini" ndicho kinachovutia watu kuliko vyote, na ndicho kigumu kuliko vyote. Kinachoshinda mara nyingi zaidi ni mamlaka na utaratibu.

Wanaotaka mahakama iagize chuo kitende, yaani mandamus, wasome John Mwombeki Byombalirwa dhidi ya Mkuu wa Mkoa Bukoba [1986] TLR 73. Mojawapo ya masharti pale ni kwamba uwe umedai kitendo kile na ukakataliwa. Kwa hiyo kabla ya mahakama lazima kuwe na barua yako inayodai, yenye muhuri wa mapokezi, na jibu la kukataa au ukimya wa muda unaoeleweka. Bila barua hiyo mandamus haina mguu wa kusimamia.

---

Asali_ya_Sikonge

Wakili, India wenzetu wanashinda hizi kesi kila siku. Kwa nini sisi tusizitumie?

---

Wakili_Mwanga

Zitumie, ila zina uzito wa kushawishi tu, hazimfungi jaji wa Tabora. Na zisome hadi mwisho, siyo kichwa cha habari.

Ile kubwa ya karibuni ni Tanvi Behl, Mahakama ya Juu ya India, 29 Januari 2025. Ilisema kutenga nafasi za uzamili wa tiba kwa sababu mwombaji ni mkazi wa jimbo fulani ni kinyume cha Ibara ya 14 ya Katiba yao. Lakini hukumu hiyo hiyo haikuwagusa waliokwisha kudahiliwa kwa utaratibu ule, na iliacha upendeleo wa kiasi kwa waliosoma MBBS (shahada ya kwanza ya udaktari) katika chuo kile kile. Kabla ya hapo, hukumu ya 31 Agosti 2020 ya chama cha maofisa tabibu wa Tamil Nadu ilikubali majimbo yatenge nafasi za uzamili kwa madaktari walio kazini serikalini. Ukizisoma pamoja utaona mahakama ile haikatai upendeleo wote. Inauliza upendeleo umesimama juu ya nini.

Halafu kuna walioshindwa. Mtihani wa NEET-PG (wa kuingia uzamili wa tiba India) wa 2023 ulifanyika 5 Machi, na baadhi ya waombaji waliomba usogezwe. Tarehe 27 Februari mahakama ikakataa. Waliochelewa kumaliza utarajali waliokolewa na serikali, iliyosogeza tarehe ya mwisho ya kumaliza utarajali kutoka 31 Machi hadi 30 Juni, baadaye 11 Agosti. Nafuu ilitoka wizarani. Mjue hilo kabla ya kulipa ada ya wakili.

Binafsi naona kesi ya Uingereza inatufaa zaidi: BAPIO Action (ya chama cha madaktari wenye asili ya India), Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu ya Uingereza, 30 Aprili 2008. Idara ya Afya ilitoa mwongozo uliowaweka nyuma madaktari wa nje kwenye nafasi za mafunzo ya ubingwa, ingawa waliingia kwa mpango wa visa uliowaruhusu kufanya kazi. Mwongozo ule ukaonekana haramu. Hoja zilizobeba ni matarajio halali, na kwamba Idara ilipita pembeni ya kanuni za uhamiaji zinazopitia bungeni. Kwetu hilo ndilo swali la tangazo dhidi ya uamuzi wa Seneti aliloeleza mleta mada.

Linganisha na Remedy UK (kikundi cha madaktari) ya 2007, iliyopinga mfumo wa kuchagua madaktari wa mafunzo. Jaji alikiri manung'uniko yao yana msingi, akatupa maombi. Aliyepinga aya moja alishinda, aliyepinga mfumo alishindwa.

---

Nguruka_Junction

Mimi napingana na mnavyokimbilia mahakamani. Kuna malalamiko ndani ya chuo, kuna TCU. Mahakama itakuuliza kwa nini hukuanza huko, na itakuwa sawa kukuuliza.

---

Karani_Mstaafu_TBR

Nguruka upo sahihi, nami nisingemshauri mtu aruke ngazi. Ila ngazi zinakula muda. Kama sheria au kanuni za chuo zimeweka rufaa rasmi, yenye chombo na muda wake, basi uamuzi wa mwisho ni ule wa rufaa, na una hoja nzuri ya kuhesabu miezi 6 kutoka hapo. Kama "rufaa" yako ni barua kwa makamu mkuu wa chuo isiyo na kanuni nyuma yake, hesabu inaanzia kwenye kukataliwa kwa kwanza.

Ushauri: malalamiko kwa chuo ndani ya wiki ya kwanza, TCU ndani ya wiki tatu hadi nne, na wakati huo huo hati ya kiapo inaandikwa. Mwezi wa tatu ukiingia bila jibu, fungua, ukiambatisha barua zote kuonyesha ulipita kote. Ukichelewa, kuna ombi la kuongezewa muda, lakini hapo utatakiwa ueleze kila siku iliyochelewa. "Nilikuwa kambi ya wakimbizi Nyarugusu kikazi" itaeleza siku hizo tu, haiwezi kueleza miezi.

Na tatizo kubwa kuliko miezi 6 ni kalenda ya chuo. Masomo yakianza Oktoba au Novemba na wewe unafungua Februari, utakuwa ndani ya muda kisheria, ila kiti kimeshakaliwa. Jaji anaweza kuona suala limepitwa na wakati. Fungua mapema kwa hati ya dharura, na uombe ruhusa ikitolewa isimamishe utekelezaji. Kanuni za 2014 zinamruhusu jaji kuelekeza hivyo, haiji yenyewe.

---

Dkt_Kaliua

Na njia ya Katiba? Kuna wenzetu waliosoma China na Urusi, wanasema wanabaguliwa kwa alama zao kubadilishwa.

---

Wakili_Mwanga

Ibara ya 13 inakataza ubaguzi kwa utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. Chuo ulichosoma hakimo. Unaweza kujaribu kukisukuma kiingie kwenye hali ya maisha, mimi nisingeweka hela yangu hapo. Ibara ya 11 inataja haki ya elimu, ila imo kwenye sehemu ambayo Ibara ya 7(2) inasema haitekelezwi na mahakama. Wengi wanaijenga kesi nzima juu ya Ibara ya 11, inabomoka siku ya kwanza.

Halafu shauri la Katiba linapita kwenye Sura 3 (sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi), na tangu marekebisho ya 2020 lazima uape jinsi ulivyoathirika wewe mwenyewe na uonyeshe umemaliza njia nyingine. Njia nyingine ni hiyo ya mapitio tunayoijadili. Kwa mtu mmoja aliyekataliwa, Katiba ni mzunguko. Itumie Ibara ya 13(6)(a), haki ya kusikilizwa, ndani ya maombi ya mapitio.

Kwa waliosoma nje kuna kituo kabla ya chuo: utambuzi wa tuzo wa TCU. Kama tatizo ni jinsi alama zilivyotafsiriwa, angalia nani alizitafsiri. Kama ni chuo kimetengeneza jedwali lake kinyume na barua ya utambuzi, chuo ndicho mjibu maombi. Kama ni barua yenyewe, unapinga uamuzi wa TCU, na tarehe yako inaanzia kwenye barua hiyo, ambayo pengine ni ya miaka minne iliyopita.

---

Asali_ya_Sikonge

Tuko kama 20, vyuo tofauti. Tuungane tupunguze gharama?

---

Karani_Mstaafu_TBR

Mkiwa chuo kimoja, sharti moja, majibu ya tarehe moja, unganeni. Vyuo tofauti, hapana. Kila chuo kina Seneti yake na tangazo lake, mtapewa pingamizi la kuchanganya wajibu maombi wasiohusiana. Na hata mkiungana kihalali, kila mmoja aape hati yake, kwa sababu kila mmoja ana matokeo na tarehe zake. Mmoja wenu akiwa nje ya muda au hana sifa nyingine yoyote, muondoeni mapema. Yeye ndiye atakayetumika kuwapiga nyote.

Chuo binafsi ni suala jingine. Kitasema uhusiano wenu ni wa mkataba na mapitio hayawahusu. Jibu ni kwamba udahili wa shahada ni kazi ya umma inayofanyika chini ya Sura 346 na viwango vya TCU. Jiandae kubishana, siyo jambo la kupita kirahisi.

---

Mwembe_wa_Ujiji

Vielelezo, ndipo kesi nyingi nzuri zinapofia.

Majibu ya udahili siku hizi yanakuja ndani ya akaunti ya maombi: mstari mmoja, "hana sifa". Piga picha ya skrini yenye tarehe, jina lako na anwani ya ukurasa, siku hiyo hiyo, maana akaunti hufungwa msimu ukiisha. Pakua tangazo kama PDF siku unayoomba, kwa sababu matangazo hubadilishwa kimya kimya, na ukitaka kuthibitisha lilisomeka vingine tarehe 10 Julai, hutakuwa na kitu. Karatasi zilizochapwa kutoka mtandaoni zinaongozwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015: eleza kwenye kiapo nani alipakua, kwa kifaa gani, lini, na kwamba kilichopakuliwa hakijabadilishwa.

Kama umejibiwa bila sababu, andika barua ya kuomba sababu kwa maandishi. Wakijibu, una sababu za kupinga. Wasipojibu, ukimya wao unaingia kwenye maelezo yako.

Hati ya kiapo iwe na ukweli tu. "Mjibu maombi alifanya uonevu wa wazi" ni hoja, itafutwa. "Tarehe 20 Agosti nilisoma majibu yaliyosema sina sifa, nakala ni kielelezo MU-3" ni ukweli. Mwishoni kamishna wa viapo aandike mahali na tarehe ya kuapa. Hati isiyo na mahali au tarehe ina kasoro ya kisheria, na huu ni uzembe wa sekunde tano.

---

Nguruka_Junction

Kuna lolote kuhusu lugha? Wengine Kiingereza cha sheria kinatutoa jasho.

---

Karani_Mstaafu_TBR

Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama. Andika Kiswahili kilichonyooka. Ila vifungu vinukuu kwa uangalifu: Toleo la Urekebu la 2023 (sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake) limehamisha namba katika baadhi ya sheria, kwa hiyo ukikopi maombi ya mtu ya 2021 utanukuu kifungu kisicho chako. Taja sura na toleo unalotumia.

Kufungua ni kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama. Kuhusu masjala, kama chuo kiko Dar es Salaam au Mwanza na wewe uko Kasulu, utaulizwa kwa nini umefungua Kigoma. Eleza kwenye kiapo ulikokuwa ulipotuma maombi na ulipopokea majibu, na uongee na Naibu Msajili kabla ya kulipa.

---

Dkt_Kaliua

La mwisho kwangu. Akishinda, anaanza masomo?

---

Wakili_Mwanga

Mara nyingi hapana, dokta, na mteja aambiwe hilo siku ya kwanza. Certiorari inafuta uamuzi wa kumkataa. Jina linarudi mezani kwa chuo, kinaamua upya kwa kufuata sharti halali. Wanaweza kumkataa tena kwa sababu nyingine, halali safari hii: ushindani, nafasi za kliniki zimejaa, mahojiano. Kwa hiyo kwenye maelezo ya ruhusa omba mambo mawili pamoja: kufutwa kwa uamuzi, na amri ya kulizingatia ombi lake upya ndani ya muda utakaotajwa, kwa masharti yaliyokuwapo siku alipoomba. Hiki kipande cha mwisho watu wanakisahau, halafu chuo kinampima kwa masharti ya mwaka unaofuata, ambayo yameshapandishwa.